Mpira wa Wavu si wa Vijana Peke Yao

Sisi wauguzi tunapowashauri wagonjwa wa presha na kisukari wafanye mazoezi, jibu tunalozoea kulisikia ni hili: "Sista, mazoezi kwa umri huu?" Kukimbia barabarani wanaona haya. Kutembea peke yao kunawachosha roho kabla ya miguu. Basi tunasema: chezeni mpira wa wavu.

Wengi wanadhani mchezo huu ni wa wanafunzi na askari. Kumbe mwalimu wa mazoezi William G. Morgan, aliyeubuni huko Holyoke, Marekani, mwaka 1895, aliwafikiria wafanyabiashara wa umri wa makamo, ambao mpira wa kikapu uliwachosha mno. Wavu wake ulikuwa chini ya mita 2, na kila upande uliweza kuwa na wachezaji wowote idadi.

Sheria ya leo yataka mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Kwa mama wa miaka hamsini anayeanza, huo ni ukuta. Ushusheni! Vijana wakicheka, wacheke. Wavu ukikosekana fungeni kamba ya katani, maana Tanga hatuwezi kulilia katani. Ila msiifunge kwenye minazi: nazi ikianguka haichagui mchezaji.

Msitumie mpira wa miguu. Huo una gramu 410 hadi 450, wakati wa wavu una gramu 260 hadi 280 tu, na mikono ya anayeanza huujua upesi uzito huo. Wiki za kwanza msirukeruke. Anzisheni mpira kwa mkono wa chini, upokeeni kwa mikono miwili iliyounganishwa, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kina mama, suruali ndani ya gauni au khanga yatosha kabisa; heshima haipotei.

Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jioni tatu za dakika 50 zinatimiza. Lakini kwa joto la pwani yetu, jioni ni kuanzia saa kumi na moja, na saa hiyo ndiyo vijana wameshika viwanja vyote. Tunawaomba wanaosimamia viwanja vya shule na vigango, hapa Usagara na kwingineko, wawatengee watu wazima siku zao. Si haki kiwanja kiwe cha wenye afya tu.

Mwenye presha apimwe kwanza, wala asiache dawa kwa kuwa ameanza kucheza. Kifua kikibana, aache mchezo hapo hapo aje hospitali. Pete zivuliwe, hata ya ndoa, mume ataelewa. Na kidole kikipigwa na mpira, tafadhali msikivute mpaka kilie, kama wengi wanavyofanya. Kitieni kwenye maji baridi, kifungeni pamoja na kidole jirani, na kikiwa kimepinda, au kesho yake hakikunjiki, njooni kipigwe picha.