Nyota Tano za Loji ya Mlimani Zinamwambia Nani Nini?

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tupande mlima.

Huku kwetu Matungu mlima hatuna. Tuna miwa, tuna jua, na usiku mwingi shuka moja inatosha. Mahali pa kuteleza kwa skii nako hakuna Kenya nzima. Mwenzetu Philip Boit, aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, ilimbidi aende Finland kujifunza. Lakini malazi ya mlimani tunayo. Kuna Old Moses kwenye njia ya Sirimon ya Mlima Kenya, karibu mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Kuna mabanda ya Kapkuro katika Hifadhi ya Mlima Elgon, ambayo kwa sisi wa magharibi ni kama jirani. Na mtu akitaka kujua kama malazi kama haya yanafaa, siku hizi hamuulizi aliyelala huko. Anafungua simu na kuhesabu nyota.

Msimamo wangu ni huu: wastani wa nyota ni kipimo kibovu kwa loji ya mlimani, na dawa iko mikononi mwetu sisi wageni. Nina sababu tatu.

Kwanza, wageni hatufanani. Kanuni ya jumla ni kwamba joto hushuka nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Matungu iko takriban mita 1,300. Ukifika Old Moses umepanda mita 2,000, kwa hiyo umepoteza kama nyuzi 13. Usiku ambao Matungu ni nyuzi 16, kule ni kama nyuzi 3. Sasa mchukue mgeni kutoka Austria aliyezoea loji za Alps, zenye vyumba vilivyopashwa joto na maji moto wakati wote. Mweke kando ya kijana wa Matungu ambaye hajawahi kuona pumzi yake mwenyewe ikitoka kama moshi. Wapewe blanketi tatu kila mmoja. Mmoja atasema mahali ni pa shida, mwingine atasema ni pa ajabu. Mmoja anatoa nyota 2, mwingine 5. Programu inajumlisha, inagawanya, inatoa 3.5. Hiyo 3.5 ni ya nani? Si ya yeyote kati yao.

Au chukua chakula. Kule juu hewa ni nyepesi, na maji yanachemka karibu nyuzi 89 badala ya 100. Maharagwe yanakawia kuiva, hata mpishi awe hodari namna gani. Mgeni asiyejua anaandika "huduma ni ya polepole" na kukata nyota. Amemlaumu mpishi kwa kosa la mlima.

Pili, hesabu yenyewe. Loji ndogo ina maoni 3, yote mazuri. Loji kubwa ina maoni 200, na 180 kati yake ni mazuri. Ukipanga kwa asilimia tupu, ndogo ina 100 na kubwa ina 90, basi ndogo inakaa juu. Lakini watu watatu wanathibitisha nini? Mwaka 1927 Edwin Wilson alitoa kanuni ya kukadiria mambo kama haya. Ukiitumia kwa uhakika wa asilimia 95, mpaka wa chini wa loji ndogo ni kama asilimia 44 tu, na wa loji kubwa ni kama 85. Sisemi loji ndogo ni mbaya. Nasema hatujui bado, na nyota tano zinajifanya zinajua. Kinyume chake ni kibaya zaidi: loji yenye maoni matatu ikipata mgeni mmoja mwenye hasira, wastani unaporomoka, na mtu anayewasha moto na kutandika vitanda anaweza kukosa kazi msimu ujao.

Tatu, nyota hupikwa. Mwaka 2017 Oobah Butler, mwandishi wa London, alisajili kibanda cha bustani yake kwenye TripAdvisor kama mkahawa. Kwa maoni ya uongo kilipanda hadi nafasi ya kwanza London nzima, kabla hakijamhudumia mteja hata mmoja. Nyota ni rahisi kughushi kwa sababu haina maelezo.

Sasa tufanye nini? Kwa anayeandika programu, ushauri wangu ni kwamba usinionyeshe wastani wa dunia nzima. Nionyeshe walichosema wageni wanaofanana nami, waliokwenda mwezi kama ninaotaka kwenda.

Kwa mgeni, andika mambo manne. Ulikwenda mwezi gani, maana Mlima Kenya wa Februari si wa Aprili, mvua ikishika. Ulifikaje, kwa gari gani au kwa miguu. Usiku ulilalaje, blanketi ngapi, moto uliwaka au haukuwaka. Na umetoka wapi, ili msomaji ajue baridi unayosema ni baridi ya nani. Mistari minne hiyo inashinda nyota tano, na kuighushi ni kazi.

Tena andika kwa Kiswahili. Mwalimu wa Matungu anayetaka kupeleka wanafunzi Elgon hahitaji kujua kama kahawa inafanana na ya Vienna. Anahitaji kujua kama mtoto aliyezoea joto la mashamba ya miwa atalala vizuri, na abebe sweta ngapi. Jibu hilo analo mgeni aliyetoka kwetu, na akinyamaza, hakuna programu itakayolibuni.

Kama umewahi kulala mlimani, Elgon, Kenya, Kilimanjaro au hata Alps, lete mistari yako minne hapo chini. Nyota kaa nazo.