Tahadhari: Nyama ya Kasa Isifike Magoma

Ndugu zangu wa Magoma, mtu akikuletea nyama ya kasa kutoka Tanga au Pangani, ya kununua au ya zawadi, usiipokee. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila, na wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 Pemba hiyohiyo ilikuwa imezika watu 7 kwa nyama hiyo.

Sisi wa chini ya Usambara tumezoea balaa linalojitangaza. Vidukari vya misaipresi vilionekana Malawi mwaka 1986, kisha vikaingia Tanzania na Kenya, vikashambulia hata mwangati, mti wetu wa asili wa milimani. Mti ulioingiliwa unajulikana: matawi yanageuka rangi ya kutu, ukiyashika vidole vinanata, na juu yake kuna ukungu mweusi kama masizi. Mwenye shamba anapata nafasi ya kuuona ugonjwa na kuacha kusambaza miche.

Sumu ya kasa haijitangazi hivyo. Baharini kuna vijimea vidogo mno, visivyoonekana bila hadubini, na baadhi yake vina sumu. Wataalamu wanaamini kasa huipata sumu kwa kula vijimea vya aina hiyo vikiwa majini au vimeshikamana na mwani na majani ya bahari. Yeye haonekani kuumwa. Nyama yake haibadiliki rangi wala harufu. Ichemshe, ikaange, ibanike, itie ndimu: sumu iko palepale, wala hakuna dawa ya kuizimua.

Kinachonitia hofu zaidi ni watoto wanaonyonya. Sumu hupita kwenye maziwa, na wapo wachanga waliokufa bila kuonja nyama yenyewe.

Aliyekwisha kula asingoje kutapika, kuwashwa mdomo na koo, kushindwa kumeza au kusinzia kusiko kwa kawaida. Waliokula sufuria moja wote wakimbizwe kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Magunga, Korogwe, hata wanaojiona wazima. Mama aliyekula aache kunyonyesha papo hapo. Mabaki yafukiwe, wasipewe paka wala mbwa. Kasa analindwa na sheria, na najua wengine wataogopa kutaja walichokula. Mtajieni daktari bila kuficha, tena mapema.