Mashauri ya Shamba: Mnunuzi Ajichumie Mboga Mwenyewe

Mtu wa Kitale akiulizwa habari za shamba lake, kwanza hutaja mahindi. Wala si ajabu, maana katika mji huo ndiko ilikoanzishwa Kampuni ya Kenya Seed mwaka 1956, na tangu mbegu chotara zilipowafikia wakulima mwaka 1964 zao hilo limelisha nyumba nyingi. Lakini mahindi yana kasoro moja: hupandwa Machi au Aprili, huvunwa Oktoba au Novemba, na fedha zake huja mara moja tu kwa mwaka. Karo ya shule haingoji hivyo, bali hudaiwa kila muhula. Ndiyo maana mwenye eka mbili au tatu huonekana akikopa katikati ya mwaka, au akiuza mahindi yangali mabichi shambani kwa bei ya kusikitisha.

Dawa moja ya taabu hiyo ni kutenga robo eka kwa mboga za majani. Wengi wamejaribu wakakata tamaa, si kwa sababu mboga hazikuota, bali kwa sababu faida iliishia njiani. Vibarua wa kuchuma walilipwa, nauli ya kupeleka magunia sokoni ikalipwa, na mboga zilizobaki jioni zikanyauka na kutupwa. Mkulima mwenye busara huepuka gharama hizo kwa kumwacha mnunuzi aje mwenyewe, aingie shambani na kuchuma kwa mikono yake. Uingereza na Marekani jamaa nzima huenda mashambani kuchuma matunda namna hiyo. Huku kwetu wachuuzi wa mboga wamezoea kununua tuta na kujivunia. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu.

Jambo la kwanza ni mahali. Shamba lililo karibu na barabara itokayo Kitale kupita Kiminini hadi Webuye, au karibu na mji wa Bungoma, litapata wanunuzi upesi. Lililo mbali ndani lifanye mapatano kwanza na wachuuzi wawili au watatu walio waaminifu, kabla hata mbegu haijamwagwa kitaluni.

Jambo la pili ni aina ya mboga. Kabichi hukatwa mara moja na kwisha, na nyanya huchubuka zikishikwa na watu wengi. Zifaazo ni zile zinazochipuka tena zikichumwa: sukuma wiki, managu, saga na kunde. Kitale, iliyo juu kiasi cha mita 1,900, sukuma wiki husitawi katika baridi yake. Bungoma iko chini zaidi na ina joto, kwa hiyo saga, kunde na mrenda hukua huko upesi.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni zamu. Robo eka ina futi za mraba 10,890. Miche ya sukuma wiki ikipandwa futi 2 kwa futi moja na nusu, na njia za kupitia zikiachwa, hupatikana miche kama 3,000. Basi shamba hilo ligawanywe sehemu 6, kila sehemu miche 500, moja kwa kila siku tangu Jumatatu hata Jumamosi. Mnunuzi wa Jumatatu asiguse sehemu ya Jumanne. Hivyo kila mche hupumzika siku 7 kabla ya kuchumwa tena, na hata likichumwa majani mawili tu kwa kila mche, siku moja hutoa majani 1,000.

Mkulima asiyeweka zamu huona fedha nyingi juma la kwanza, kisha shamba humfia mikononi. Mchuuzi mwenye haraka huvunja mche kichwani, akachukua majani machanga pamoja na moyo wake. Mche uliovunjwa hivyo hutoa machipukizi madogo madogo ya ubavuni, na mavuno ya miezi huwa yameliwa kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye shamba, au mtu wa nyumbani mwake, awepo kila mara lango linapofunguliwa. Amwonyeshe mgeni kuchuma majani ya chini na kuacha ya juu yapata manne au matano. Managu ikatwe na kisiki chake kiachwe, kiasi cha shibiri moja, ili ichipuke. Asiyesikia asiruhusiwe kurudi, hata akiwa ndugu au jirani.

Jambo la nne ni bei. Si haki kumtoza anayejichumia sawa na bei ya sokoni, kwa kuwa amefanya kazi na amejibebea mzigo. Lakini si haki pia mkulima kujipunja. Ahesabu ujira ambao angewalipa vibarua, na nauli ambayo angelipa, na hicho ndicho apunguze, asizidishe. Kipimo kiwe cha mwenye shamba, mizani au beseni moja lisilobadilishwa, na malipo yafanyike langoni kabla mzigo haujaondoka, kwa fedha taslimu au kwa simu. Deni la mboga ni gumu kudai, maana kitu chenyewe kimekwisha liwa.

Jambo la tano lahusu maisha ya watu. Mboga iliyonyunyiziwa dawa ya wadudu haina alama ionekanayo kwa macho, na anayejichumia hawezi kujua. Kila dawa ina siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa yake. Tuta lililonyunyiziwa lifungwe kwa kamba na kitambaa chekundu mpaka siku hizo zipite. Chupa ikisema siku 14, tuta hilo hukosa zamu mpaka siku hizo zitimie, ijapokuwa mnunuzi amekwisha fika na gunia lake. Asiyesoma maandishi ya chupa aende kwa Bwana Shamba asomewe. Hasara ya zamu moja au mbili hulipwa na juma lijalo, bali mtoto aliyelishwa sumu halipiki.

Mwisho, liwepo daftari. Kila jioni iandikwe sehemu iliyochumwa, jina la mnunuzi, kipimo na fedha. Baada ya muhula mmoja mkulima ataona kama robo eka imelipa karo au haikulipa, na ni tuta lipi lilimdanganya. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.