Maharamia wa Katuni za Kijapani

Ukisikia maharamia usidhani ni wale wa majahazini tu. Wajapani wanao wa namna nyingine: huziiba hadithi za katuni, ambazo wenyewe huziita manga, pamoja na filamu zake, wakazieneza duniani bure. Tangu mwaka 2002 makampuni ya Japani ya filamu, vitabu na muziki yameungana katika chama kiitwacho CODA, ambacho kazi yake ni kuwaandama watu hao ng'ambo.

Kisa kilichovuma mno ni cha Mangamura, mtandao uliofungwa Aprili 2018. Mwenye kuuendesha alikamatwa Ufilipino mwaka 2019 akarudishwa kwao, na Juni 2021 mahakama ya Fukuoka ikamhukumu kifungo cha miaka 3 na faini juu yake. Aprili 2024 mahakama ya Tokyo ikamwamuru awalipe wachapishaji watatu zaidi ya yeni bilioni 1.7.

Hapo sina ubishi. Mchoraji hukesha ili kurasa za kila wiki zitoke, na jasho lake ni mali yake.

Ila hesabu zao ndizo zinazonitia mashaka. CODA ilikadiria kwamba kwa muda wa miezi sita hivi Mangamura ilileta hasara ya yeni bilioni 320, kana kwamba kila aliyeufungua mtandao ule angetoa pesa kununua kitabu. Kweli hiyo? Zamani hapa Mombasa kaseti za taarabu zikinakiliwa madukani, nasi tukizinunua. Mwimbaji alidhulumiwa, sikatai; lakini wengi wetu ile ya asili tusingeimudu, wala haikuonekana.

Na hili la kutoonekana ndilo kubwa. Kwa miaka mingi mpenzi wa manga aliye nje ya Japani alingoja tafsiri miezi, pengine miaka, hata wapenzi wenyewe wakaketi kutafsiri bila malipo na bila idhini. Januari 2019 ndipo kampuni ya Shueisha ilipofungua Manga Plus, ambamo sura mpya za hadithi zake nyingi husomwa kwa Kiingereza, bure, wakati ule ule zitokapo Japani. Nionavyo mimi, hatua hiyo iliwapunguzia maharamia wateja kuliko mahakama. Katika Brazil na China chama kimekwisha kuifungisha mitandao kadhaa; lakini mmoja ukifungwa leo, kesho hufunguliwa mwingine kwa jina jipya, na wasomaji ni wale wale.