Ukivunja gari la mwenzio, sheria haiulizi mnalala wapi

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa sekondari alikaa wiki mbili bila kulipiwa mchango wa chakula. Nilimwita mama yake, naye hakunificha. Aligombana usiku na baba watoto, akachukua mchi, akavunja kioo cha mbele na taa za gari. Gari hilo ndilo teksi inayolisha nyumba ile. Likalala gereji, na asubuhi mume akaenda kushitaki RIB.

"Mwalimu," akaniuliza, "mtu anashitakiwaje kwa kuvunja kitu chake? Nusu ya fedha za gari lile nilikopa mimi SACCO."

Ni swali la haki, na linastahili jibu la wazi.

Kifungu cha 186 cha Sheria Na. 68/2018 ya makosa na adhabu kinasema anayeharibu kwa makusudi mali ya mwingine anaweza kufungwa miezi 6 hadi miaka 2, na kutozwa faini ya faranga 300,000 hadi 500,000, au adhabu moja kati ya hizo. Hasira si ruhusa. Wivu pia si ruhusa, hata kama sababu yake ni ya kweli. Tena mwenye gari anaweza kudai gharama za matengenezo.

Mimi nilizaliwa na kusomea ukimbizini Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda mwaka 1996. Kule nilikokulia kosa hilo linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7. Waliotoka Uganda wanajua kuwa kwao ni hadi miaka 5. Hakuna upande wa mpaka ambako ugomvi wa nyumbani unageuza uharibifu kuwa mchezo.

Lakini mali ni ya nani? Hapo ndipo mama yule alipokwama. Tangu sheria ya mwaka 1999, wanaofunga ndoa ya serikali huchagua namna ya kumiliki mali: kuchanganya yote, kuchanganya wanayochuma pamoja, au kila mtu na chake. Mama huyu na mwenzake hawajawahi kufika ofisi ya sekta kuandikishwa. Kadi ya gari ina jina moja tu, la mume. Kwa karatasi, alivunja gari la mtu mwingine. Anaweza kwenda mahakamani kudai mchango wake, lakini atahitaji ushahidi, na mchi hauwezi kumsaidia kuupata. Hata angekuwa na ndoa ya kuchanganya mali, nusu ya kioo kile ingekuwa ya mume.

Wanaume wasisome haya wakicheka. Mume anayeponda simu ya mkewe, au kutupa charahani yake nje kwenye mvua, anaguswa na kifungu hicho hicho. Mke naye ana haki ya kwenda RIB, wala asiambiwe arudi nyumbani akavumilie.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Wanaoishi pamoja waandikishe ndoa. Anayetoa fedha kununua kitu atunze risiti na hati ya mkopo, na jina lake liandikwe. Na ugomvi ukipanda, mmoja atoke nje, aende kwa jirani au kwa wazee, kabla mkono haujashika kitu.

Mama yule na mumewe walikaa na wazee wa pande zote mbili. Kioo kimelipwa kwa mkopo mwingine, na mtoto anakula shuleni tena. Deni la kwanza la SACCO lilikuwa halijaisha. Sasa ni mawili, na wote wawili wanalipa.

Hasira hasara, walisema wahenga. Hesabu ya hasara hiyo mimi naiona darasani, kwa mtoto ambaye hakuvunja kitu.