Dhima ya Shaka Katika Chakula

Mwezi Machi mwaka 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipoandika barua ya kuyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasivuke mpaka, kwa hoja kwamba vipimo vimedhihirisha ndani yake sumu za kuvu zilizopita kikomo cha usalama, malori yalipanga foleni Namanga, wafanyabiashara wakalalama, wakubwa wa serikali wakapelekeana ujumbe, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa sharti kwamba kila shehena iandamane na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu iliyomo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Katika ubishi ule zilisikika hoja nyingi za siasa na za tijara, lakini swali lililostahili kuyatangulia yote halikupewa kiti barazani: namba iandikwayo katika cheti ina yakini ya kiasi gani, na pale yakini inapopungua, dhima ya shaka humwangukia nani, muuzaji au mlaji?

Swali hili si la anasa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, waliorodheshwa wagonjwa 317 walioathirika kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ukazuka Dodoma na Manyara. Fauka ya vifo hivyo vya ghafla yako madhara ya polepole, kwani sumu hii imehesabiwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuwa ni kisababishi kilichothibitika cha saratani ya ini. Haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mlaji, wala moto wa jiko hauiondoi kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa hiyo mama anayesonga ugali hana hila ya kuitambua, na ngao yake ni kipimo alichokifanya mtu mwingine mbali na macho yake.

Basi kipimo hicho ni kitu gani? Lori hubeba tani nyingi, na maabara hupima gramu chache. Lau sumu ingeenea sawasawa kama chumvi katika maji, gramu hizo zingetosha. Lakini kuvu haliishiki kila punje, bali hulivamia gunzi lililotobolewa na mdudu, au gunia lililonyeshewa kona moja ya ghala, hata punje chache zikabeba sumu nyingi mno ilhali maelfu ya jirani zake ni salama. Achaguaye mchele anaijua hali hii: ungo wa kwanza hauna jiwe hata moja, wa pili una matatu, na wote umetoka katika gunia lile lile. Ndiyo maana wataalamu wa jambo hili hukubaliana kwamba aghalabu sehemu kubwa ya hitilafu haitokani na mitambo ya maabara, hata iwe ya thamani namna gani, bali hutokana na mkono uliochota sampuli.

Elimu ya kuikadiria hitilafu hiyo ilianza kupata sura yake, kwa sehemu, katika kazi ya vyakula na vinywaji vyenyewe. William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alitoa mwaka 1908, kwa jina la kujificha la Student, kanuni ya kupima kiasi gani tuuamini wastani uliotokana na sampuli chache. Na mwaka 1937 Jerzy Neyman, mwanahisabati wa Kipolandi aliyekuwa London, akaikamilisha nadharia ya masafa ya imani. Muradi wake ni huu: badala ya kutoa namba moja, mpimaji hutoa mpaka wa chini na mpaka wa juu, kwa njia ambayo, ikifuatwa mara nyingi, masafa yake yatauzingira ukweli mara 95 katika kila 100.

Tuchukue mfano. Sampuli 10 zimetolewa katika shehena, wastani wa sumu ni 8, na mkengeuko wa kawaida baina yake ni 6. Mwenye cheti atasema kwa furaha kwamba 8 ni pungufu ya 10, na shehena ipite. Lakini hesabu ya Gosset hutoa masafa ya kuanzia 3.7 hadi 12.3, maana yake vipimo hivyo havikanushi kuwa shehena nzima imevuka kikomo. Sampuli zikiwa 40, na wastani na mkengeuko vikabaki vile vile, masafa husinyaa yakawa ya 6.1 hadi 9.9, na hapo tu ndipo mpimaji anapopata haki ya kusema kwa utulivu kwamba shehena ni salama. Tena mfano huu una upole, kwa kuwa hesabu hiyo hudhani vipimo vimetawanyika kwa ulinganifu, hali ambayo sumukuvu haina; mpimaji mwadilifu hulazimika kutumia logi au kanuni nyingine zinazostahimili sampuli chache zenye sumu ya kupindukia, na mpaka wa juu aghalabu hupanda zaidi.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimelijibu swali la dhima kwa sheria iliyo bayana: shehena haikataliwi mpaka kipimo kivuke kikomo pasipo shaka ya maana, hata baada ya kuhesabiwa hitilafu ya upimaji, yaani shaka humfaidi muuzaji. Lakini kikomo chao kwa nafaka iliyo tayari kuliwa ni 4, si 10 kama chetu cha Afrika Mashariki, na kwa shehena kubwa huagiza michoto hadi 100 ichanganywe kabla ya kupimwa. Fauka ya hayo, mahindi kwao si chakula cha mchana na cha usiku. Sisi, ambao kikomo chetu ni kilegevu na mlo wetu ni huo huo kila siku, hatuna sababu ya kuiga ukarimu wao kwa muuzaji pasipo kuiga pia ukali wa kikomo chao na juhudi yao ya kuchota.

Rai yangu ni kwamba hukumu ziwe tatu badala ya mbili. Masafa yote yakiwa chini ya 10, shehena ipite. Yote yakiwa juu, ikataliwe. Na masafa yakiwa yamekipanda kikomo kama mtu apandaye farasi, mguu huku na mguu huku, shehena ipimwe upya kwa sampuli nyingi zaidi, na isipotakasika baada ya hapo, isiuzwe kwa chakula cha binadamu.

Nitaambiwa kwamba kanuni hii itamwangamiza mkulima mdogo, asiye na fedha za kulipia sampuli 40. Pingamizi hili lina insafu, wala halijibiwi kwa kulipuuza. Lakini shaka hii hupunguzwa kwa gharama, na anayekataa kuilipia maabara leo humwachia mlaji ailipe kwa ini lake baada ya miaka. Insafu ni kwamba gharama hiyo ibebwe na serikali na maghala ya ushirika, ambako mavuno ya wakulima wengi hukusanywa na kupimwa kwa pamoja, hata fungu la kila mmoja likawa dogo. Na mkulima naye asaidiwe kukausha na kuhifadhi mapema, kwa kuwa shehena iliyokauka vyema hupata wastani wa chini na masafa yake hayakikaribii kikomo.

Hadi sheria itakapobadilika, mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania yaweza kuanza kesho kwa jambo lisilohitaji bunge: kila cheti kiandike idadi ya sampuli, namna zilivyochotwa, wastani, na mpaka wa juu. Afisa wa forodha akiuona mpaka wa juu wa 12 kando ya wastani wa 8, hatahitaji barua ya wizara kujua kwamba kazi ya kupima haijakwisha.