Damu ya mtoto ikishuka tena na tena, uliza kipimo cha selimundu

Mtoto akipauka viganja na kuishiwa nguvu, hapa Ukonga ushauri hauchelewi: mchemshie rozela, mpe matembele, kamnunulie dawa ya kuongeza damu. Kama amepungukiwa madini chuma, ushauri huo una maana (ila asinywe chai ya rangi na chakula, maana huzuia madini hayo kufyonzwa). Lakini yule ambaye damu inapanda leo, baada ya wiki chache imeshuka tena?

Huyo huenda ana selimundu, ugonjwa wa kurithi. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ya selimundu hupinda kama mundu na mara nyingi huvunjika kabla ya siku 20, na chuma chake hubaki mwilini. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na damu kidogo na chuma cha kutosha. Akiongezewa damu mara nyingi, chuma hicho huweza kurundikana kwenye ini na moyo.

Kutoa chuma kwa kubahatisha kuna hatari nyingine. Kule Pemba, penye malaria nyingi wakati huo, watafiti waliwapa watoto wadogo madini chuma na foliki asidi bila kuwapima kwanza. Waliopewa walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na zoezi likasimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria, wenye upungufu wa kweli wa chuma walinufaika.

Kipimo cha wingi wa damu husema imebaki kiasi gani, hakisemi kwa nini. Mzazi, taja selimundu kwa jina.

Majibu yakija, mama ndiye hulaumiwa. Mimi naona huo ni uonevu: mtoto hurithi kwa baba na mama, ambao wenyewe huwa wazima, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4.

Dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu makali, ingawa bei yake bila bima inawaumiza wengi. Foliki asidi hutolewa pia. Na homa kwa mtoto huyu haisubiri kuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.